Fungu la Mazishi

Ruiru,
19 Januari 2025

Baba Mkubwa,

Mulembe. Mimi ni mzima, na natumai Idah akikuletea barua hii atakukuta umekaa, umekula, na hujaanza kumgombeza kwamba amechelewa. Kwake Jumatano ni siku ya kuuza ndizi hapa Ruiru, si siku ya posta, kwa hivyo mshukuru. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele hadi mlinzi wa hosteli akaja kuuliza ni nani anayepigwa. Zile mashine za kiwandani zilikumalizia masikio, na herufi za simu yako ni ndogo hata kwa macho yangu. Basi tuendelee na karatasi.

Cindy, ninayelala naye chumba kimoja, anakusalimu. Ameacha udaktari. Amepata nafasi ya diploma ya utabibu, miaka michache, karo nafuu. Alilia usiku mmoja, asubuhi akaanza kuuza vitabu vyake, na mimi nikanunua kimoja ingawa ninacho.

Baba, serikali haijatuma kwa chuo ile sehemu yake ya karo. Mwaka jana ilituma nusu, na kwa kuchelewa. Chuo nacho kimechoka kungoja, kimetufungia mtandao wa usajili, na asiyekuwa kwenye mtandao haruhusiwi wodini wala kwenye mtihani. Mwalimu wetu mmoja hutuambia kwamba yeye alisomeshwa udaktari na serikali na juu yake akapewa pesa za matumizi. Hutuambia hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Na mimi, unavyojua, wameniweka bendi ya juu, ile ya watoto wa wenye nacho, kwa hivyo mzigo mkubwa unabaki nyumbani. Cindy ana maelezo yake. Anasema ile fomu ilitaka namba ya simu ya mzazi, na simu yako ndiyo inayopokea michango ya mazishi ya watu wote wa magharibi hapo Thika. Mashine iliona pesa za maiti ikadhani ni zako. Sijui kama ni kweli. Nimekata rufaa, bado sijajibiwa.

Sikuombi kitu. Nauliza tu kama utaona vibaya nikimfuata Cindy. Mtu wa diploma pia anatibu watu. Ukiniruhusu, nitakuja wikendi tuzungumze.

Wako,
Nekesa


Thika,
6 Februari 2025

Mwanangu Nekesa,

Nimepata barua yako, na ndizi mbili juu yake ambazo Idah anasema ni zako na mimi najua ni zake. Hapa jua ni kali, vumbi la barabara ya viwandani linaingia mpaka kwenye sukari. Kiwandani wamenitoa kwenye boila wakaniweka getini. Ni kazi ya wafalme. Lori likiingia napunga mkono, likitoka napunga mkono, mwisho wa mwezi nalipwa.

Nimehama pia. Niliacha kile chumba cha ghorofa ya tatu, kulikuwa na upepo mwingi, nikachukua cha chini karibu na bomba. Viatu vyangu vyeusi nimempa Austine wa umoja, ngozi ilisinyaa ikaanza kunibana. Usiku siku hizi nalala kwenye kiti, kitanda kinaniumiza mgongo. Uzee una mambo yake, lakini usijali.

Koti lako jeupe bado linakutosha? Marehemu mke wangu Selpha alikitunza kile kitambaa miaka mingi akisema ni cha jambo kubwa, na mimi nilikuwa nikimcheka. Kama umenenepa, mwambie fundi afungue mshono wa pembeni, aliachia nafasi.

Sasa kuhusu Cindy. Nampenda, msalimie, lakini humfuati popote. Selpha alipougua tulizungushwa wodi hii na ile, na wewe, mtoto wa miaka kumi na miwili, ukaniuliza mbona hakuna anayejua. Nilikujibu kwamba wewe utajua. Sikusema utajua nusu.

Kazi ya kuweka hazina ya umoja wetu wa mazishi nimeiacha. Nimemkabidhi Austine kila kitu, ili hiyo mashine yenu ikinitazama tena ione mtu wa kawaida. Na karo ya muhula huu nimeituma leo kwenye akaunti ya chuo. Usiniulize nilikotoa. Sikuiba na sikukopa.

Wikendi usije. Nauli ni pesa, na kitabu hakisomeki njiani. Usije mpaka nikuite.

Baba Mkubwa wako,
Tobias


Ruiru,
30 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Mvua imeanza huku na hosteli inavuja juu ya kitanda cha Cindy, ambacho sasa hakina mtu. Aliondoka mwanzoni mwa mwezi. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla na sikipendi.

Asante. Sijui niseme nini zaidi. Mtandao ulifunguliwa, nikafanya mtihani, nikapita. Koti linanitosha. Fundi hajaligusa, kwa sababu chakula cha hapa hakimnenepeshi mtu. Wenzangu wananiuliza nimelinunua wapi, na mimi huwaambia halinunuliki.

Sasa niko wodini na mambo yote ni mapya. Wametufundisha kusikiliza moyo. Mgonjwa wangu wa kwanza ni mzee wa rika lako, mcheshi, na nilimpenda mara moja. Daktari aliniambia nimuulize maswali. Nikamuuliza kama analala vizuri. Akasema analala ameketi, kitanda kinamuumiza mgongo. Nikamuuliza kuhusu viatu. Akasema vimeanza kumbana. Nikamuuliza kuhusu ngazi, akasema amehamia kwa binti yake kwa sababu kule kwake ni juu. Nilikuwa nikiandika majibu yake, nikaweka kalamu chini, kwa sababu tayari nilikuwa nayo chumbani, kwa mwandiko wako.

Mimi si daktari bado. Sina ruhusa ya kumtibu mtu, na hakuna anayetibiwa kwa barua. Lakini viatu havikusinyaa, Baba. Miguu ndiyo imevimba. Na hulali kwenye kiti kwa ajili ya mgongo, unalala hapo kwa sababu ukijinyoosha pumzi inakata. Huo ni moyo unaochoka kusukuma damu, na una dawa. Nenda hospitali wiki hii. Nakuomba.

Na pesa ulitoa wapi?

Nekesa


Thika,
25 Mei 2025

Mwanangu,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Idah aliugua malaria na mimi nilikuwa nikijishughulisha. Mvua imeharibu barabara lakini mboga za sukuma zimekuwa nyingi na bei imeshuka, kwa hivyo hatulalamiki sana.

Nilicheka niliposoma kwamba umenitibu kwa mwandiko. Ukimaliza shule utafungua hospitali bila wagonjwa, watu watakuwa wakituma bahasha tu. Mimi sina shida. Miguu ni ya kusimama getini. Nitaenda hospitali nikipata nafasi, foleni ni ndefu na mkubwa wetu wa kazi hapendi mtu akikosekana.

Huku tumempoteza Jared, yule aliyekuwa akiimba sauti ya nne kanisani. Alianguka akiwa kazini. Umoja ulimsafirisha hadi kwao, mambo yakaenda vizuri, basi likajaa. Mimi sikuweza kwenda kwa sababu ya kazi. Niliwasindikiza kwa maombi.

Soma. Hilo ndilo linalonipa usingizi, iwe ni kwenye kiti au kitandani.

Baba Mkubwa


Ruiru,
8 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Natumai uko salama. Salamu nyingine sina leo.

Idah hajui kunyamaza, na mimi nilimwuliza mpaka akaweka ndizi chini. Ameniambia kwamba si kazi iliyokuzuia kumsindikiza Jared. Ulikuwa hapo. Ulisimama ng'ambo ya barabara ukitazama watu wakipanda, ukaondoka kabla basi halijawashwa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema aliyechukua fungu lake la mazishi hana kiti kwenye basi.

Umechanga tangu kabla sijazaliwa ili siku yako ikifika umoja ukurudishe nyumbani Kimilili, uzikwe kando ya Selpha. Nafasi yako iko pale, nimeiona, ulinionyesha mwenyewe kwa fimbo siku tulipomzika na ukaniambia nisipande migomba hapo. Hilo ndilo uliloliuza. Umeliuza kwa muhula mmoja, Baba. Muhula mmoja! Na sasa ni Juni, na karo ya mwaka wa nne inangoja, na wewe huna kaburi na mimi sina karo.

Ningekuwa najua, ningemfuata Cindy siku ileile. Ulininyima hata nafasi ya kukataa. Nina hasira na wewe na sijui niiweke wapi, maana wewe ndiye uliyenilea.

Usipoenda hospitali wiki hii, naacha chuo. Ninaandika hivi nikiwa na akili zangu zote.

Nekesa


Thika,
27 Julai 2025

Mwanangu Nekesa,

Baridi ya Julai imetubana huku, asubuhi nafungua geti nikiwa nimevaa blanketi, na madereva wananiita askofu. Idah amepona kabisa na ananisemea vibaya kila mahali, kama ulivyoona.

Umekasirika na una haki. Nilienda. Idah alinisindikiza, tukakaa foleni tangu asubuhi, na daktari kijana akanieleza yaleyale uliyoyaandika Machi, isipokuwa yeye hakuniita Baba. Ni moyo. Wamenipa vidonge vya kutoa maji mwilini, na tangu hapo choo cha pamoja cha ploti kimekuwa ofisi yangu. Miguu imepungua kidogo. Usiku bado niko kwenye kiti, sitakudanganya tena.

Ni kweli nilichukua fungu langu. Ngoja nikueleze, kisha tusilirudie. Nimewasafirisha watu wengi nikiwa mweka hazina. Nilikuwa nikikaa nyuma kabisa, karibu na jeneza, usiku kucha, na kila safari nilikuwa nikiwaza jambo ambalo siwezi kulisema kanisani. Maiti wetu tunawapa kila kitu kwa siku tatu, na walio hai tunawaambia wangoje. Barua yako ya Januari ilipofika, nikaona hapa yuko mtu aliye hai, na pesa zipo, na zinangoja nife. Nikaenda kwa Austine. Alikataa, nikamkumbusha sheria kwamba mwanachama anaweza kuondoa fungu lake, akahesabu huku akilia.

Najua kwetu mtu hazikwi ugenini. Nilidhani nimepata njia. Njau, rafiki yangu wa miaka ya boila, ana shamba kavu huko Gatuanyaga, na alinipa pembe moja kando ya zizi la mbuzi. Tulikunywa chai tukacheka, akasema angalau mbuzi watanipa habari. Kisha mwanawe Mburu akasikia. Alisema kaburi la mtu wa kutoka kwingine kwenye shamba lao litawaletea wadai kesho kutwa. Nilimwambia, "Mburu, mimi sina hata mtoto wa kumzaa, nani atakuja kudai?" Akanijibu, "Mzee, sina ubaya na wewe, but shamba ni shamba." Simchukii. Ardhi inawatia watu hofu hapa, na wana sababu zao. Njau hakuweza kunitazama usoni.

Kwa hivyo itakuwa makaburi ya mji, kule wanakopelekwa wasio na watu wao. Inaniuma, Nekesa. Nilitaka kulala karibu na Selpha na sioni haya kusema hivyo. Lakini nimekubali. Ombi langu ni moja: nikifa, usiguse karo kwa ajili ya kunisafirisha, hata jamaa wa Kimilili wakikutukana kwa majina yote.

Sasa nijibu kitu kimoja kabla ya salamu na mengine yote. Mwezi wa tisa mnaanza mwaka wa nne. Mtandao umefunguliwa?

Baba Mkubwa wako,
Tobias


Ruiru,
14 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Mulembe. Nimefurahi kusikia miguu imepungua. Huku ni kukavu, maji yanakuja kwa mafungu na tunabeba mitungi kutoka kwa jirani. Cindy alinitembelea, amenenepa, anasema diploma haina mawazo. Tulipika ugali na mrenda tukakutaja. Rufaa yangu ilijibiwa. Nimebaki kwenye bendi ileile.

Jumamosi iliyopita nilikuja Thika. Ndiyo, nilikuja na sikukuona, na nikapita karibu na geti lenu nikageuza uso upande mwingine, kwa sababu ulisema nisije mpaka uniite. Nilikuwa nimemtafuta Austine. Nimejiunga na umoja.

Nimelipa kiingilio na michango ya mwaka mzima kwa mpigo. Waliniuliza ninamwandikisha nani, nikataja jina lako. Mama mmoja akasema, "Huyo si ni ami yako?" Nikamjibu, "Kwetu ndugu ya baba ni baba, ama mmesahau?" Austine aliandika "baba" kwa herufi kubwa na akajifanya ana mafua.

Lakini kuna sharti, na unalijua kuliko mimi, maana uliliandika wewe. Mwanachama mpya hafaidiki mpaka mwaka uishe. Kwa hivyo sikiliza vizuri. Huna ruhusa ya kufa kabla ya Septemba ijayo. Ukifa Agosti utakuwa umenitupia pesa zote. Kunywa vidonge kila siku hata kama choo kiko mbali. Chumvi iache kabisa. Usiguse soda wala supu za paketi. Miguu ikivimba tena, au ukiamka ukitafuta pumzi, usingoje Jumatano, mwambie Idah anipigie kwa simu yake na nitakuja na boda kutoka stejini.

Nafasi kando ya Selpha bado ni yako. Sijapanda migomba.

Nekesa


Thika,
9 Oktoba 2025

Mwanangu Nekesa,

Sisi wote wazima. Mvua bado, lakini mawingu yapo. Vidonge ninakunywa, na chumvi nimeacha, chakula sasa ni adhabu ya kila siku.

Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta jibu la swali langu. Umenijibu kuhusu maji, kuhusu Cindy, kuhusu soda. Nilikuuliza kama mtandao umefunguliwa na hukusema kitu. Nikajua. Mtu uliyemlea ukimsoma unasikia hata anaponyamaza. Lakini nilikuwa bado najidanganya.

Kisha jana Idah akaja mbio, mwenye furaha. Alikuwa ameenda Githurai 45 kutafuta maparachichi ya bei ya jumla, akakuona kwa mbali. "Baba Nekesa," akanipigia kelele sikioni, "nimemwona msichana wako na koti jeupe! Daktari kabisa!" Moyo wangu huu mbovu ukaruka. Nikamwuliza ni hospitali gani. Furaha ikamtoka usoni. Akasema si hospitali, ni bucha ya Wainaina, na kwamba unapima matumbo na kukata maini, na wateja wanakupenda kwa sababu kisu chako ni safi.

Nililia, Nekesa. Nililia mbele ya Idah na sikuona haya. Kitambaa cha Selpha, buchani.

Baadaye nikatulia nikaelewa. Umeahirisha masomo. Chuo kimekupa mwaka mmoja utafute karo, na pesa ulizokuwa nazo, ambazo najua hazingetosha kufungua hata mlango wa chuo, ukazipeleka kwa Austine. Mimi nilitoa kaburi ili usome, nawe umesimama buchani ili nipate kaburi. Na wale waliopaswa kutoa hawajatoa hata shilingi, na hawajui kama tupo. Nilitaka kukuandikia maneno makali, nikaanza, nikachana karatasi. Ni kosa lilelile nililolifanya mimi Februari, na umelifanya kwa mkono uleule wa kwetu.

Basi tumefungwa pamoja. Mimi sifi kabla ya Septemba na wewe unarudi darasani Septemba. Nitakaa getini nipunge mkono, kila ninachopata nusu ni yako, na Njau amesema atauza mbuzi mmoja, si kwa ajili ya kaburi. Huenda isitoshe. Sitakuambia itatosha. Huenda pia moyo huu usinisikize. Lakini tusifichane tena.

Nilikuambia usije mpaka nikuite. Sasa nakuita. Njoo Jumapili. Si upepo ulionitoa kule juu, ni ngazi, kwa hivyo bisha mlango wa chini karibu na bomba, na ubishe kwa nguvu. Uje na stethoskopu yako usikilize mwenyewe, maana yule daktari kijana alikuwa na haraka.

Na uje na koti, nilifue kabla halijaharibika. Damu hutoka kwa maji baridi na chumvi, na chumvi iko tele hapa, hakuna anayeila.

Baba yako,
Tobias